Jike Aliyemjibu Arvella

Arvella Stiltner aliendesha basi la shule bondeni kwetu mpaka wale aliowabeba utotoni wakaanza kumletea watoto wao. Alikuwa mama mpole. Ila majani yakichipua mlimani na madume ya bata mzinga wa mwituni yakianza kulia alfajiri, ule upole ulikwenda likizo.

Jumamosi moja ya Aprili alipanda kwenye msitu wa serikali, ambako kila mwenye leseni huwinda. Kulipopambazuka, dume akalia ng'ambo ya korongo. Arvella akaegemea mwaloni, akasugua kile kiboksi chake cha mbao kinachotoa sauti ya jike, ili dume avutike. Dume akajibu. Mara jike naye akajibu, kutoka vichakani upande wa juu.

"Dada, huyu wangu," Arvella akanong'ona, akazidi kusugua. Jike akamkaripia. Wakajibizana hivyo mpaka jua likachomoza, na dume akanyamaza kabisa.

Mwishowe jike akakohoa.

Arvella akashusha bunduki. "Ndege gani huyo anavuta sigara?" akauliza kwa sauti.

Sauti ya mwanamume ikatoka vichakani: "Arvella? Ni wewe?"

Alikuwa Estil Ratliff, fundi magari, anayeimba naye kwaya kanisani. Akateremka na kiboksi chake mkononi, uso umemwiva kwa haya.

"Nilidhani wewe ni jike wa kweli, nikawa nakuchokoza uje, dume akufuate," akasema. "Nikajua nimekutana na jike mkorofi kuliko wote mlimani."

"Hilo mume wangu angekwambia bila kukupandisha mlima."

Estil akacheka, na kicheko chake hutikisa madirisha ya kanisa. Papo hapo dume akakijibu, karibu mno. Wote wawili wakajibwaga chini ya mwaloni.

"Sugua wewe, mimi napiga," Arvella akanong'ona.

"Kwa nini wewe?"

"Wewe unakohoa."

Dume akatokea amefungua mkia kama feni, kichwa chekundu na buluu, akitembea kama mwenye msitu. Arvella akapiga mara moja tu.

Walishuka wakipokezana mzigo, wakibishana nani hasa alimwita. Dorsey, mumewe Arvella, akakaanga kidari kwa vitunguu vya mwituni, wakala na mkate wa mahindi. Estil alipoigiza ule ugomvi wa majike wawili, Dorsey alicheka hadi akaweka uma chini.

"Huyo mkorofi namfahamu," akasema. "Nimelala naye miaka mingi."