Ng'ombe Asiye na Kwao Hatembei

Juzi nilikwenda Njiro kwa mwanangu, nikamkuta mjukuu amegeuza meza ya chakula kuwa malisho. Alikuwa amefinyanga ng'ombe wa udongo, simu ameiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, anasogeza mguu kidogo, anapiga picha, anausogeza tena. Ng'ombe wake alitembea kama kiti kinachoburutwa. Nikamwambia aanze na mguu wa nyuma, maana ng'ombe huanzia nyuma, na kichwa akiache kiyumbe. Alinitazama mdomo wazi, bibi kizee anayejua mambo ya katuni. Ndugu yangu msomaji, mambo hayo niliyajua kabla bendera ya Mwingereza haijashuka, na yalinitokea puani.

Nililelewa na bibi yangu mjane huku juu kwenye miteremko ya Meru, kwenye kihamba cha kahawa na migomba. Msimu wa kahawa nilikuwa nikizungusha mashine ya kukoboa hadi mkono unakufa ganzi, na harufu ya maganda yaliyochacha ilikuwa hainitoki nguoni hadi Jumapili kanisani. Asubuhi tulikunywa uji, mchana loshoro ya mahindi na maziwa mgando. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe wawili tu, na kazi yangu ilikuwa kuwakatia migomba.

Wawili hao ndio waliojulikana. Wengine saba bibi alikuwa amewaweka kwa watu, kama walivyofanya wengi: mmoja kwa shemeji yake kule tambarare, wawili kwa rafiki yake wa ujanani upande wa magharibi wa mlima, na kadhalika. Anayekutunzia hunywa maziwa, ndama huwa wako, na ugonjwa ukiingia zizi moja haukumalizi. Tena jicho la jirani halijui una nini. "Ng'ombe hanyooshewi kidole," bibi alikuwa akisema. Mimi alinichukua kila alipokwenda kuwatazama, kwa sababu nilikuwa mjukuu wake wa kwanza na aliniamini.

Watoto wote tulifinyanga ng'ombe kwa udongo mweusi wa mtoni, pembe tukaweka miiba. Wenzangu wengi walifinyanga ng'ombe yeyote tu. Mimi nilifinyanga wa bibi, mmoja mmoja, na majina yao ya Kimeru ambayo hapa nakutafsiria: Kijivu, Pembe Moja, Mama Mvua aliyezaliwa siku ya mvua ya kwanza. Mama Mvua alikuwa na bega lililoinama kidogo, nami nililiinamisha kwa kidole gumba.

Aliyenitia ugonjwa wa sinema ni mwalimu wetu. Alichora mtu mdogo kwenye pembe za kurasa za daftari, akaziachia kwa kidole, na yule mtu akaruka kamba. Nilihisi nimeona muujiza, na nilimpenda mwalimu yule kuliko nilivyompenda mtu yeyote asiye wa ukoo wangu. Basi siku moja akatuambia serikali inaleta Mzungu wa kutengeneza filamu ya ng'ombe wa udongo. Watakaotembea kwenye kitambaa cheupe watakuwa ng'ombe wetu, na kazi ikiisha tutarudishiwa.

Mzungu aliweka kamera yake ya miguu mitatu darasani. Dirisha alilifunika, akawasha taa, kwa sababu jua linalosogea hurukisha vivuli. Mimi nilichaguliwa kusogeza miguu. Udongo ukikauka ulipasuka, nikaulainisha kwa mate. Miguu ikivunjika, mwalimu aliipachika waya wa uzio kwa ndani. Tangu asubuhi hadi kengele ya jioni Mama Mvua alipiga hatua nne. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Pembeni, mwalimu alikaa na daftari lake. "Ng'ombe asiye na jina na asiye na kwao hatembei, binti," aliniambia. "Niambie huyu ni nani, ni wa nani na anakaa kwa nani, ndipo tujue atembeeje."

Nikamwambia. Wote tisa, na mazizi yao, na njia za kufikia. Nilijiona fundi.

Shule ikafungwa kwa mavuno ya kahawa, na filamu wakaimalizia bila sisi. Iliporudi, ilioneshwa kwa wazazi wote darasani, mchana, mablanketi yamening'inizwa madirishani. Bibi alikaa benchi la pili na kitambaa chake cha kanisani, mkono wangu ndani ya wake. Mbele yetu alikaa bwana mifugo wa serikali. Mashine ya sinema ikaguruma, na pale kwenye kitambaa cheupe Mama Mvua akaingia akitembea, bega limeinama, alama ya kidole changu ubavuni. Watu wakacheka kwa raha. Bibi akanibana mkono.

Filamu haikuwa na sauti. Mwalimu ndiye aliyeieleza kwa kipaza sauti. Akafungua daftari. "Huyu ni Mama Mvua," alisema, "wa bibi wa kihamba cha juu ya kanisa. Anakaa tambarare kwa shemeji yake." Akaendelea na Kijivu, na Pembe Moja, na ng'ombe wa wenzangu waliokuwa wameulizwa kama mimi. Kicheko kikafa. Kwenye kitambaa ng'ombe wakala majani yaliyotengenezwa kwa nyuzi za katani hadi mlima ukabaki kipara, kisha wakaanguka, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu akasema hayo ndiyo matunda ya kuficha mifugo na kuwa nayo mingi. Bwana mifugo alikuwa akiandika. Sikumbuki filamu ilivyoisha. Nakumbuka mkono wa bibi ulivyouachia wangu, taratibu, kama anayeweka chini kitu cha mtu.

Wiki haikuisha wakapita watu wa serikali na amri ya kupunguza mifugo, na walikwenda moja kwa moja kila zizi bila kuuliza njia. Saba walipelekwa mnadani. Wa udongo hawakurudi pia. Mwalimu alipata kazi kwenye gari la sinema la serikali, akatuaga kwa bashasha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Nilimchukia, na ninamchukia hadi leo, na kinachoniuma zaidi ni kwamba alilonifundisha ni kweli. Filamu zote nilizozipenda maishani, niliposogea karibu kuona zimefanywaje, nilikuta kiumbe anayetembea vizuri ni yule ambaye fundi wake anajua kwao.

Bibi hakunigombeza hata siku moja. Miaka ikapita, akapata wengine, akawaweka kwa watu. Ila kila watu walipoanza kuzungumza habari za ng'ombe, alinituma kutazama moto jikoni. Nilikuwa mwanamke mwenye watoto, bado nikitazama moto.

Sasa kihamba kimekatwakatwa viwanja, na filamu ile sijui iko ghala gani. Ningeipata ningeomba waniwekee sehemu ya mwanzo tu, wanapotembea.

Kule Njiro, mjukuu wangu alifuata nilivyomwelekeza, na ng'ombe wake akapiga hatua ya kwanza ya kweli. Alifurahi. Akainua simu, akaielekeza kwangu, akasema anataka watu wasikie kutoka kinywani mwangu: "Bibi, huyu tumwiteje, na kwao ni wapi?"

Jina nilimtajia. Kisha nikamwambia naona jikoni kuna kitu kinaungua, nikaenda kutazama.