Kioo Alichokilaza Baba

Juzi nilimwona fundi akitoa kioo cha nyuma cha gari. Nilinusa sabuni na mpira mkuukuu, nikajiona tena uani kwetu Soweto, mtaa wetu chini ya mlima, siku Bibi alipopelekwa mlimani kuzikwa kwenye kihamba chake, shamba lake la migomba.

Mlango wa nyuma wa gari la Baba ulikuwa umegoma kufunguka, na jeneza lisingepita kwingine ila dirisha la nyuma. Fundi aliingia ndani, akaulainisha mpira ulioshika kioo kwa povu, akaukunjua polepole kwa mpini wa kijiko. Baba alisimama nje, amekinga mikono.

"Taratibu, mangi," alimwambia fundi kwa heshima. "Kikipasuka, mama yangu atalala juu ya vigae."

Kilitoka kizima. Baba akakilaza kwenye blanketi, akaniambia nibaki na shangazi, nikilinde.

Nilidhani wamekitoa ili Bibi apate hewa akiwa amelala. Alasiri yote nilifuta kila alama ya kidole, ili akirudi auone mlima vizuri. Hata sasa doa dogo hunikosesha raha.

Gari liliporudi, ndani mlikuwa na majani makavu ya migomba tu.

"Baba, kioo kimetakata. Bibi yuko wapi?"

Baba alichuchumaa, akaweka kiganja katikati ya kioo, akakiondoa, alama ikabaki. Alama ile sikuifuta.