Shomoro wa Mwisho wa Alcide

Alcide Pelletier alichonga ndege, na mkewe Odile akawapaka rangi. Kwa miaka thelathini na mmoja, katika nyumba yao kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, hakuna ndege aliyetoka na alama ya mmoja wao tu. Mume alichoma herufi yake chini ya mkia kwa msumari wa moto. Rangi ikishakauka, mke alitia nukta ya bluu kando yake. Hapo ndipo ndege alihesabika amekwisha.

Januari Alcide alifariki, akaacha mezani shomoro mmoja wa mbao laini, nyeupe. Tumboni alikuwa amemwandika kwa penseli jina la aina yake: koo jeupe.

Sasa ilikuwa Mei, siku ya Alhamisi. Jumamosi mkwe angekuja na lori kumhamishia Odile kwa binti yake, ghorofa ya nne, mjini. Na Odile hakuwa na desturi ya kupaka ndege ambaye hajamwona kwa macho yake. Ndivyo walivyofanya kazi siku zote: mtama ulimwagwa chini ya dirisha, ndege akaja, brashi ikafuata. Mara moja tu alinakili kitabuni. Alcide alimgeuza yule ndege kiganjani, akasema, "Huyu hajawahi kuogopa paka." Odile akamkwangua rangi yote. Na mwaka huu shomoro wa koo jeupe alikuwa bado hajaja dirishani.

"Wifi, shomoro wako amepotea njia," alisema Rosanne, dada yake Alcide, huku akifunga sahani kwa magazeti. "Mpake tu. Nani atamkagua?"

"Kaka yako."

"Kaka yangu alikagua hata maharage yangu. Kila Jumamosi, chumvi haitoshi. Na chungu anakirudisha kitupu."

Odile alicheka, akaenda kuongeza mtama.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia wifi yake. Kila asubuhi alipokuta mtama haujaguswa alihuzunika, na ndani ya huzuni hiyo akapata nafuu. Akimshika yule shomoro, kidole gumba kilisikia mapito ya kisu cha mumewe, membamba, yamelala upande mmoja kama nyasi. Akishampaka, mapito yale yatafunikwa, na hapatakuwa na ndege mwingine wa kushika.

Ijumaa alfajiri alisikia mluzi: sauti mbili ndefu, kisha nyingine za kutetemeka. Alisogea dirishani polepole. Shomoro alikuwa chini ya kichaka, akiparua majani makavu kwa miguu yote miwili.

"Umechelewa," Odile alisema, akafungua rangi.

Alipaka mpaka mchana. Michirizi ya kahawia mgongoni, kijivu kifuani, mistari myeusi na myeupe kichwani, tone la manjano mbele ya jicho. Rosanne alikuja na gundi ya masanduku, akasimama nyuma yake.

"Koo umelisahau."

"Sijalisahau."

Rosanne aliinama. Pale kooni mbao ilikuwa imeachwa vilevile, nyeupe, na mapito ya kisu yalionekana moja moja. Aliyatazama kwa muda.

Rangi ilipokauka Odile akamgeuza ndege, akatia nukta ya bluu kando ya herufi ya mumewe.

"Haya," alisema Rosanne taratibu, "nipe nimfunge na vyombo."

Odile hakumpa. Nukta ilipokauka alimtia ndani ya soksi ya sufu ya Alcide, akamweka mfukoni mwa koti lake mwenyewe. Mfuko wa pili akaujaza mtama.