Maji ya Kuombea Ruhusa

Siku fundi wa mifuko alipoharibu kazi, karakana nzima ilicheka mpaka cherehani zikasimama. Yalikuwa mashati ya shule, bunda zima, na kila mfuko ameushona pande zote, na juu pia. Mfuko hauna mdomo. Msimamizi akaliinua shati moja kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya mkia.

"Sasa mtoto wa watu ataweka kalamu wapi? Puani?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, maana hakumbuki kuishona. Anakumbuka kukaa baada ya mapumziko ya mchana, anakumbuka mguu ukikanyaga pedali, halafu hapo katikati ni ukungu mtupu.

"Likiharibika bunda jingine nakutoa kwenye cherehani," msimamizi akamwambia. "Utakaa chini ukate nyuzi na wanaojifunza. Mashine haipewi mvivu."

Mvivu! Mwanamke anaamka nyumba nzima inakoroma, anachota maji, anawasha moto, anamchemshia mumewe chai, anawaogesha watoto, anawavalisha, anafika kazini tumbo limeshikana na mgongo. Huyo ndiye mvivu. Anayemwita hivyo kaamka kakuta chai mezani. Haya watu wameziweka wapi?

Na kukata nyuzi si mchezo. Ile cherehani ndiyo ilikuwa heshima yake. Alijifunza mimba ikiwa tumboni, miguu imevimba kama mito ya kulalia, na hakukosa siku. Leo ateremshwe chini, akae miguuni pa wasichana aliowafundisha yeye mwenyewe kutunga uzi?

Jioni akamkuta wifi yake nyumbani. Huyo ni dada wa mumewe, muuguzi, mdomo hauna breki. Akamtazama mara moja tu.

"Wifi, midomo imekauka hivyo! Leo umekunywa maji?"

"Nimekunywa chai."

"Chai ni maji?"

"Si ina maji ndani."

"Hata tope lina maji ndani. Na umekula nini?"

"Nilimalizia walichobakiza watoto."

"Kwani wewe kuku?" Wifi akavua viatu, akakaa vizuri. "Huna ugonjwa wewe. Una njaa, una kiu, una usingizi. Asubuhi kula kabla hujatoka, tena ule umekaa. Maji kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Ukishona sana, inuka, nyoosha mgongo, tazama mbali macho yapumzike. Na hiyo televisheni izimwe mapema mlale. Vitu vidogo tu."

Vidogo! Kila kimoja kilikuwa na mwenyewe amekikalia. Televisheni ya mume. Asubuhi ya mume. Naye alikuwa palepale kwenye kiti, rimoti mkononi, akajifanya hasikii mpaka alipotajiwa chai.

"Kwa hiyo mimi nijichemshie chai mwenyewe?"

"Sufuria haing'ati, kaka," wifi akamjibu. "Mimi dada yako nakujua, mikono unayo yote miwili."

Mume akanuna, ila televisheni akaizima mapema. Kesho yake akachemsha chai nyeusi tii kama oili chafu, akainywa kwa hasira, na hakufa. Mkewe alikuwa amekaa pembeni, sahani yake mwenyewe mapajani, anatafuna taratibu. Watoto wakamkodolea macho kama wamemwona mgeni.

Kikabaki cha maji, na hapo ndipo damu ilipochemka. Karakana ile ina choo kimoja cha mafundi, na kilikuwa kinafungwa. Ufunguo unakaa mezani kwa msimamizi, umefungwa kwenye ubao mkubwa, wa kukatia nyama kabisa, ili ukipita nao kila mtu ajue uendako. Unauomba kwa sauti, mbele za watu. Ukirudi mara ya pili, msimamizi hakatai, hapana. Anainua uso, anakuuliza neno moja.

"Tena?"

Basi. Neno hilo moja liliwafanya wanawake wazima, wenye watoto na wajukuu, waache kunywa maji mchana kutwa. Walijikausha kama dagaa juani. Vichwa vikiwagonga wanameza vidonge, vidonge vyenyewe wanameza kwa mate. Halafu wakisinzia, mdomo uleule unawaita wavivu!

Fundi wa mifuko akaja na chupa ya maji, akaisimamisha karibu na mkasi. Fundi wa kola, anayekaa ubavuni mwake, akaiangalia kama imebeba nyoka.

"Mama, yote hayo unaingiza? Utayatolea wapi?"

"Chooni."

"Na lile neno je?"

"Nitalijibu."

Mara ya kwanza akapewa ubao bila maneno. Mara ya pili msimamizi akainua uso.

"Tena?"

Cherehani zikanyamaza moja moja.

"Tena," akasema. "Na baadaye tena. Nimekunywa maji."

"Hapa kazini, mama, si kwenu."

"Kwetu siombi."

Mtu akapaliwa na kicheko nyuma huko.

"Niende nirudi macho yakiwa wazi," akaendelea, "au nikae nisinzie nikuzibie mifuko mingine? Sema wewe. Ile ya juzi tuliifumua sisi mafundi, hiyo mingine utaifumua wewe, vidole unavyo."

Msimamizi akausukuma ubao.

Aliporudi alisimama kidogo mlangoni, akanyoosha mgongo, akatazama mabati ya ng'ambo ya barabara. Alasiri ile ukungu haukuja. Kila tundu la sindano aliliona. Siku zilizofuata fundi wa kola naye akaja na chupa, kisha wa vifungo, ubao ukawa haukai mezani. Msimamizi akachoka kuuliza. Bunda jingine halikuharibika, na cherehani ikabaki na mwenyewe.

Ingeishia hapo, lakini kuna watu hawana soni. Tajiri mwenye karakana akaja kukagua, akavuta mfuko wa shati, akasifu. Msimamizi huyo, meno yote nje:

"Niliwafundisha kunywa maji, tajiri. Walikuwa wazembe tu. Si ndiyo, mama?"

Fundi wa mifuko akatoa mguu kwenye pedali.

"Maji tulikuwa tunayajua, tajiri. Tulifungiwa choo."

Tajiri akamtazama msimamizi. Msimamizi akalitazama shati. Hatimaye tajiri akaagiza kufuli litolewe, akajikohoza, akasema, "Haya, mmefurahi sasa," akaondoka zake. Pole hakusema. Msimamizi hakusema. Wamerudishiwa choo kama zawadi, eti na shukrani watoe!

Fundi wa kola akasema asante, kwa woga. Fundi wa mifuko alivuta shati lililofuata, akaliweka chini ya sindano.