Kikombe cha Wageni

Jumamosi iliyopita nililala Gitega bila kupanga. Nilitoka Muyinga asubuhi kufuata vitenge vya duka langu, na jioni nikaambiwa mafuta yamekosekana, hakuna gari litakalorudi. Nikakodi chumba karibu na soko, nikaoga, nikakaa kitandani nikisikiliza muziki ukianza huku na huku mjini. Ndugu yangu, hakuna upweke kama kusikia Jumamosi ya watu wengine ikikuingilia dirishani. Nikavaa viatu, nikashika njia ya Nyamugari, mtaa niliokulia.

Zamani Jumamosi yetu ilianzia kwenye pasi. Ikifika saa kumi na moja jioni uwanja wetu ulijaa vijana wenye suruali na magauni begani, maana pasi ya makaa ilikuwa moja tu pale jirani, ya bibi yangu. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa. Walitaniana, walipakana poda shingoni, kisha wakavuka njia kwenda kwa jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Kivu ya Kusini, aliyechoma mishikaki na ndizi na kupiga rumba mpaka usiku wa manane. Umeme ukikatika, mtaa mzima ulilia "Aaa!" kwa pamoja. Ukirudi, wote walipiga makofi, hata bibi, aliyejifanya hapendi makelele.

Bibi alikuwa Mwislamu wa kweli, na bia haikupita mlangoni mwake. Lakini alikuwa Mrundi wa kweli vilevile. Kwetu mgeni hainuki hivi hivi. Hupewa kinywaji cha mwisho, agashinguracumu, yaani cha kung'olea ule mkuki ambao mgeni wa zamani aliukita uani alipoingia. Wengine hutoa pombe ya ndizi. Bibi alitoa chai ya tangawizi, kwa kikombe cha bati chenye maua ya bluu, ambacho sisi wa nyumbani hatukuruhusiwa kukitia mdomoni. Nikimuuliza kwa nini sisi hatupewi, jibu lilikuwa moja.

"Mtu wa nyumbani haagwi. Anatoka, anarudi."

Aliyetoka na kurudi kuliko wote alikuwa mama yangu mdogo, kitinda mimba wa bibi, niliyelala naye mkeka mmoja. Kila Jumamosi alikuwa kwa jirani, anacheza. Watu wakimwambia bibi amfungie mlango, bibi aliwajibu kuwa mtoto akililia wembe mpe. Alirudi alfajiri ananuka moshi, akanitia mkononi kipande cha ndizi ya kuchoma kilichokwisha kupoa, nami nikala nusu usingizini. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani.

Nilipofika miaka tisa nikaona nimekua, nikaomba niende naye.

"We uko mtoto bado," alinijibu, anafunga viatu vyake vyeupe. "Soirée ya dansi si ya watoto."

Nililia, sikusikilizwa. Hasira zikanipanda. Bibi alikuwa ndani anasali isha. Nikakishusha kikombe cha maua, nikamimina chai, nikampa kwa mikono miwili kama bibi alivyowapa wageni. Nilitaka aumie. Kama hanitaki, basi na yeye si wa hapa.

Alikitazama kile kikombe kwa muda. Nilingoja kofi. Badala yake akakinywa chote, amesimama, akanirudishia.

"Asante, mwenye nyumba," akasema, akavuka njia.

Asubuhi upande wake wa mkeka ulikuwa mtupu. Bibi alikikuta kikombe kimelowa, akaniuliza ni mgeni gani aliyekuja. Nikasema hakuna.

Baadaye mtu mmoja alisema amemwona Muyinga, mwingine akasema amekwisha kuvuka kwenda Tanzania. Bibi hakutia komeo mlangoni Jumamosi hata moja. Aliketi na taa yake, na kila viatu vilipopita nje aliinua kichwa. Nami nilikuwa nimelala kando yake, macho makavu, nikijua kwamba ni mimi niliyemuaga mtoto wake. Sikumwambia. Nilipohamia Muyinga watu walidhani nimefuata biashara, na mpaka leo Jumamosi jioni napita mbele ya baa za kule nikitazama nyuso za wanawake wa rika lake. Siku ninaondoka bibi hakunipa kitu. "We utarudi," alisema, akaingia ndani. Nilirudi kumzika.

Sasa nyumba yetu ina wenyewe wengine, na geti la chuma. Upande wa pili muziki unatoka kwenye maspika makubwa, na vijana wamekaa kila mmoja na simu yake. Lakini jiko ni lile, na mama wa Kikongo ni yule, amezeeka, anageuza ndizi. Alinitambua kwa mwendo. Alinivutia kiti, tukakaa, na sijui ni moshi au ni nini, nikamwambia habari ya kikombe, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Aliacha kugeuza ndizi.

"Mtoto yangu! Sac yake ya nguo ilikuwa kwangu tangu saa tisa ya mchana. Alikuwa amekwisha kuamua. Na mi sikumwambia bibi yako hata siku moja. Niliogopa atanichukia."

Miaka yote ile bibi aliketi akisikiliza viatu vya wapita njia, na sisi tuliojua tulikuwa huku na huku kwake, kila mmoja na siri yake. Nilidhani nikiutua mzigo ule nitapumua. Nilimkumbuka bibi tu, nikalia.

Nilipoinuka kwenda, yule mama alinishika mkono.

"Ngoja. Huwezi kwenda hivi. Bibi yako ndiye alinifundisha."

Akamimina chai ya tangawizi kwenye kikombe cha plastiki, akanipa kwa mikono miwili. Nilitaka kumwambia asinipe, kwamba mimi ni wa hapa, nilizaliwa hapo ng'ambo ya njia. Nikatazama lile geti. Hakuna aliyebaki wa kunishuhudia ila yeye, na yeye ndiye aliyekuwa ananiaga. Nikakinywa chote, nimesimama, nikamrudishia.