Ng'ombe Wangu Mwenye Mlango

Mvua za mwisho zilikuwa zinakatika. Nimekaa nyuma ya nyumba yangu hapa Shinyanga nachambua mchicha, mara namwona mjukuu wangu anatoka jikoni mbio, ngumi ameikaza.

"Umebeba nini wewe?"

"Chumvi, bibi. Kuna konokono kwenye mchicha wako. Nataka kumwona akitoa povu."

Loo! Mimi na magoti yangu haya, niliruka. Nilipiga kelele hadi jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama ni nyoka. Mtoto akafungua kiganja, chumvi ikamwagika, akaangua kilio akidhani bibi yake ameingiwa na wazimu. Basi nikamkalisha nikamsimulia. Na wewe kaa, kama huna haraka, maana yeye alisinzia katikati na hadithi ikabaki mdomoni mwangu.

Nilizaliwa magharibi ya mji huu, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu, enzi za Mwingereza, kabla ya vita kuu ya pili. Pori lilikuwa limetuzingira, na ndani ya pori walikaa mbung'o. Ng'ombe akishaumwa na wale nzi anakonda, manyoya yanasimama, macho yanatoa machozi, halafu basi. Kwa hiyo kila kiangazi ngoma ya mtemi ililia na watu wakatoka kufyeka pori, kijiji kwa kijiji, wanaume wamejipanga mstari mmoja na mashoka yao. Waliimba, tena nyimbo nyingine za kuchambana, kijiji hiki kinakiita kile kivivu, na kile kinajibu mambo ambayo siwezi kukuambia kwa umri wangu. Sisi watoto tulibeba maji kwenye vibuyu. Wanawake walipika michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa juani, wanavichemsha na karanga za kutwangwa. Kama hujawahi kula michembe na karanga ukiwa na njaa ya porini, samahani sana, hujala.

Mama yangu hakwenda kufyeka. Majira ya baridi yaliyotangulia alijifungua mtoto wa kiume aliyepumua usiku mmoja tu. Wanawake walimzika asubuhi, bila matanga, kwa kuwa alikuwa hajapewa jina. Kisha watu wakarudi kwenye kazi zao, lakini mama hakurudi. Alikaa chini ya ukuta, upande wa kivuli, ungo mapajani, anamenya karanga. Ukimsalimu hajibu. Ukimpa ugali anamega matonge mawili, anasukuma bakuli. Hakuwa mkali wala hakulia. Nikilala naye kwenye ngozi nilimwita "mayu", ndivyo tunavyomwita mama kwetu Usukumani, naye ananiwekea mkono kichwani, basi. Niliikumbuka sauti yake hadi nikaanza kuisahau, na jambo hilo lilinitisha kuliko fisi.

Nyumba iliendeshwa na bibi, mama yake baba. Usimchukie, alikuwa mwema, ila alichoka. Jioni moja nilimsikia akimwambia baba kwenye moto wa wanaume, "Mvua zikianza naye hajashika jembe, arudi kwao akauguzwe na mama yake. Mikono yangu hii haiwezi kulima mashamba yote." Baba akakoroga majivu kwa kijiti. Mimi nilijua "arudi kwao" maana yake nini: ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa, mama akienda mtoto anabaki. Tangu siku hiyo watu wote walitazama mawingu kwa hamu, na mimi nikayatazama kwa hofu.

Siku ya kuchoma marundo ya miti iliyofyekwa, nilitumwa maji. Pembeni mwa kisiki kimoja, moto umeshakaribia, nikaona kitu cha mviringo, cha kahawia chenye mistari, ukubwa wa limau. Sijui kwa nini nilikinyakua. Nilikifunga kwenye pindo la kaniki yangu nikatimua mbio, moshi machoni. Nilipokifungua nyumbani kilikuwa bado cha moto, na mdomo wake umezibwa na kitu cheupe kikavu kama chokaa.

Baba, bila hata kutazama, alisema ni jiwe. Bibi alikigeuza akasema, "Gamba la konokono wa bwawani. Bwawa limekauka na mwenyewe amekufa. Tupa, mke mwenzangu." Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Lakini jirani yetu mfinyanzi, mjane aliyechimba udongo mbugani maisha yake yote, alikitaka akishike. Alikileta karibu na jicho, akagusa kile kitu cheupe kwa ncha ya kidole.

"Huyu si wa majini," akasema. "Wa majini mlango wake ni mgumu kama ukucha, anatembea nao. Huyu ameziba kwa ute wake mwenyewe, ukakauka. Ni wa nchi kavu, anangoja mvua. Halafu mpime, ni mzito. Gamba tupu halina uzito huu."

"Amekufa huyo," bibi akabisha.

"Maiti hafungi mlango, dada yangu. Ukiona mlango umefungwa kwa ndani, ujue kuna mtu."

Nikamgeukia mama pale ukutani. Mfinyanzi akanirudishia konokono wangu na onyo: nisiubandue mlango hata nikishikwa na hamu gani, nimwache afungue mwenyewe. Akanipa na chungu kilichopasuka wakati wa kuchomwa. Nilikijaza udongo na majani makavu, nikakiweka kando ya mtungi wa maji penye ubaridi, nikazungushia majivu ili siafu wasipite. Kazi ngumu ilikuwa kuku. Kuku wa bibi walikuwa hawana adabu hata kidogo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kisimani nilimtoa nikampima kiganjani. Bado mzito. Yumo.

Baba akafunga safari ya chumvi kwenda upande wa Ziwa Eyasi, kama wanaume wa kwetu walivyofanya kila kiangazi. Bibi alimngoja arudi ili ampeleke mama kwao.

Mvua ya kwanza ilimkuta baba angali njiani. Unaijua harufu ya udongo wa Shinyanga ukilowa mara ya kwanza baada ya kiangazi? Watu walitoka nje wakapiga vigelegele, na mimi nikakaa chini ya mchirizi na chungu changu, nalia na kucheka. Ule mlango mweupe ukalainika, ukapasuka katikati, ukasukumwa. Ikatoka nyama ya kijivu polepole, ikajinyoosha, halafu zikachomoza pembe.

"Ana pembe!" nilipiga kelele. "Bibi, ana pembe, tena nne!"

Basi mambo yakawa yamekwisha. Mwenye pembe ni ng'ombe. Wavulana wa pale kwetu kila mmoja alikuwa na ndama wake wa kujivunia, sisi wasichana tulikuwa na mitungi ya kisimani. Sasa na mimi nina ng'ombe. Bibi akanicheka: "Tumkamue lini, mke mwenzangu? Watu wana kiu ya maziwa." Acha acheke. Nilimlisha majani ya kunde na ya maboga, na maganda ya mayai yaliyosagwa, kama mfinyanzi alivyonielekeza, ili nyumba yake iwe imara. Ukiweka sikio karibu sana ulimsikia akitafuna.

Huku nje majembe yalianza kulia ardhini. La mama lilibaki limeegemea ukuta. Asubuhi moja nikamwona bibi akikunja nguo za mama na ngozi yake ya kulalia, akafunga mzigo, akauweka mlangoni. Mama aliutazama, akaendelea kumenya karanga.

Baba akarudi na chumvi, amekonda, punda wake amelowa. Asubuhi iliyofuata akamwaga chumvi kwenye jiwe bapa la zizini, na ng'ombe wakasukumana, ndimi zinakwaruza jiwe, mikia juu. Ng'ombe asiyelamba chumvi hanenepi. Hilo kwetu mtoto alilijua kabla ya kujua kuhesabu. Sasa niambie, ungekuwa wewe, ungefanyaje? Nilichota kidogo kwa vidole, nikaenda kwa ng'ombe wangu, nikamnyunyizia. Kwenye jani, na nyingine mgongoni, maana nilimpenda.

Alijikunja kama aliyechomwa moto. Povu likamtoka, jeupe, kisha la kijani, na sauti ndogo ya kuchemka ambayo naisikia hata leo. Bibi alikuwa karibu yangu kabisa, lakini sikumwita bibi. Niliita, "Mayu! Mayu!"

Ungo uliruka juu, karanga zikatawanyika uani, kuku wakapata sikukuu. Mama alikuwa amesimama.

"Leka! Leka! Minzi!" Yaani acha, maji. Sauti ilikwaruza kama mlango wa ghala lililofungwa msimu mzima, lakini ilikuwa yake. Alinipokonya konokono akamtumbukiza ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, mtungi mzima, na bibi, ambaye angenichapa kwa kutia hata kidole mle, akampisha. Mama akamsuuza, akamwaga, akamsuuza tena. Kisha akaketi pale pale chini kwenye matope, akamweka kiganjani, akawa anamdondoshea maji kwa vidole, tone kwa tone.

"Atakufa?" nikamwuliza.

"Sijui, mwanangu." Akadondosha tone jingine. "Lakini huyu hatumwachii aende."

Halafu akalia. Jamani, alilia. Kilio chote alichokiweka tangu majira ya baridi kilitoka siku ile, mabega yanatikisika, lakini kile kiganja hakikutikisika hata mara moja. Bibi akaja akaketi karibu yake, akanyoosha miguu, akaanza kuokota karanga moja moja. Baba alisimama na mfuko wake wa chumvi kama mtu aliyesahau anakokwenda. Tulikaa hivyo kutwa. Katika kungoja kule mama akanitajia jina alilokuwa ametaka kumpa mdogo wangu. Sitakuambia, ni letu.

Jua lilipokuwa linashuka gamba likasogea kidogo. Ikatoka nyama, ikarudi, ikatoka tena. Pembe zikachomoza, moja fupi kuliko nyingine. Mama akaitazama, akaniambia, "Ng'ombe wako amevunjika pembe," akacheka. Bibi akainuka, akaenda mlangoni, akaufungua ule mzigo na kuirudisha ngozi ndani. Alijisingizia anaogopa itanyeshewa.

Sikudanganyi kwamba mama alipona siku moja. Kulikuwa na siku alizorudi kule kimyani, na sisi tulimngoja. Lakini palizi ya kwanza alikuwepo shambani, jembe mkononi, anagombana na bibi kuhusu mistari iliyopinda, na mimi nikiwasikiliza nilitamani wasipatane upesi. Kiangazi kilipokuja ng'ombe wangu akafunga mlango wake. Sasa aliyempima kila asubuhi alikuwa mama. Anamweka kiganjani, ananitazama, anasema, "Yumo." Mdogo wangu aliyezaliwa baadaye alikuwa na tabia ya kulilamba lile gamba; hatukujua tumcheke au tumchape. Mwisho tulimrudisha konokono wetu porini, kwenye vichaka vilivyoachwa kando ya mbuga, na mama alimchagulia mahali kana kwamba anamwozesha.

Vichaka vile havipo. Pori likaisha na mbung'o wake, ardhi ikabaki wazi hadi upepo ukaichota, na siku hizi nasikia watu wanahangaika kulirudisha. Vyungu vya mfinyanzi vimefukuzwa na ndoo za plastiki. Hakuna anayekwenda Eyasi na punda. Chumvi iko dukani kwenye pakiti, mtoto anachota ngumi nzima bila kujua kwamba kuna watu waliifuata kwa miguu majuma mazima. Mfinyanzi alitangulia, bibi akafuata, baba, na mama yangu naye, akiwa mzee mwenye maneno mengi kuliko sisi sote. Nikimkumbuka namkumbuka kwa sauti. Nashukuru kwa hilo.

Leo asubuhi, mvua zimekwisha na mchicha umeanza kukauka, mjukuu wangu akaja tena, safari hii polepole, viganja vyote viwili amevifumbata. Kumbe alikuwa amesinzia kwa sikio moja tu.

"Bibi, ameziba mlango. Nimtupe?"

Nilinyoosha mkono akaniwekea. Nikafumba macho, nikampima.

"Yumo," nikamwambia. "Kamtafutie chungu."