Folda za Mama Eliza

Mpaka leo nikisikia harufu ya karatasi ya moto, ile inayotoka kwenye mashine ya kopi, ninarudi palepale, kwenye duka la mama yangu mdogo, Mama Eliza, kando ya barabara ya Dodoma hapa Babati, likizo ile nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Watu walimletea barua na ratiba zilizoandikwa kwa mkono, yeye akazichapa. Aliniahidi kwamba nikitulia, kabla ya shule kufunguliwa atanifundisha kuchapa, nami nitakaa kwenye kiti chake. Nilikitaka kiti kile kuliko nguo za Krismasi.

Kompyuta yake ilikuwa mbaya kuitazama, jamani. Nyuma kijivu kitupu, mbele folda zimebanana, kila moja na jina la mteja kama anavyoitwa mtaani: Baba Paskali, Mama Neema, Mama Neema wa pili. Wateja wa kijiji cha Bonga aliwaweka chini, wa Mutuka kulia, wa Sigino kushoto, na mkono wake ulikwenda wenyewe bila kusoma. Siku moja alipokwenda kusali jumuiya, mimi na binti yake, Dada Eliza, aliyekuwa kidato cha pili, tuliipamba. Nilichagua picha ya maua ya zambarau iliyokolea. Kila folda nikaigeuza ua dogo lilelile, nikazipanga duara. Majina ndiyo yaliyokuwa yanaharibu. Eliza alijua namna ya kuyaficha, na kidole chake ndicho kilichobonyeza. "Umeiweza, mdogo wangu! Mama akiona atafurahi mpaka basi. Kizuri chajiuza," aliniambia. Nilimwamini. Nani asingemwamini dada yake?

Kesho yake asubuhi Baba Paskali aliingia mbio kutoka Mutuka. Mama yake alikuwa anazikwa siku hiyohiyo, na ratiba ya mazishi ilikuwa imeshachapwa tangu juzi, imebaki kutoa nakala tu. Mama Eliza akawasha kompyuta. Mkono ukaenda kulia, hakuna kitu. Akafungua ua moja, kadi ya harusi. La pili, barua ya kuomba kazi. Hata kishale cha kipanya tulikuwa tumekigeuza kipepeo, kikawa kinampotea kwenye maua. Baba Paskali akatazama saa, akasema taratibu, "Mama Eliza, padri ameshafika nyumbani." Ua la tisa, la kumi. Mwishowe akaondoka mikono mitupu, na bibi yule akazikwa bila mtu hata mmoja kushika karatasi yenye jina lake.

"Nani amefanya hivi?" Mama Eliza akauliza. Nilimgeukia dada, nikijua tutasema pamoja. Akatazama sakafu. "Ni huyu, mama. Nilimkataza, hakusikia." Hee! Kabla sijajitetea, Mama Eliza alishanigeukia. Mama Eliza hakunipiga. Alisema tu, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kiti hiki usikiguse tena." Maua yalikuwa kosa langu, sikatai, nilitafuta kilichonipendeza mimi, nikamsahau mwenye kazi. Lakini majina sikuyaficha mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

Siku hizi ninafanya kazi ofisini, na skrini yangu ni ya kijivu, herufi nyeusi kubwa, folda zina majina kamili. Wenzangu hunitania kwamba sijui kitu kizuri. Ninakijua sana, nilikoma kukiamini tu. Krismasi iliyopita tulikutana kwa Mama Eliza, na Dada Eliza akamwona binti yake akipamba simu ya bibi yake. "Acha hiyo, usije ukafanya kama mama yako mdogo huyu," akamwambia. Watu wakacheka. Mama Eliza naye akacheka, akanishika mkono, akasema alishanisamehe zamani. Nilimtazama Eliza, nikamsubiri aseme ukweli. Akachukua sahani yangu, akaniongezea pilau.